Nyumba ya wanasesere humaliziwa ikingali mbao

Karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya boksi la seti ya nyumba ya wanasesere ina mpangilio uleule, karibu kwa kila mtengenezaji: toa vipande, simamisha kuta, gundisha, paua, kisha paka rangi. Anayeifuata neno kwa neno anapata nyumba iliyosimama vizuri asiyoweza kuimalizia. Vyumba vya nyumba ya kipimo cha 1:12 vina kimo cha sentimita 20 hadi 23. Mkono wa mtu mzima unaingia, ila mkono ulioshika brashi hauwezi kugeuka juu upake dari bila kuchafua ukuta, na nyuma ya ngazi hata kidole hakifiki. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi hizi hapa Mwanza tumezoea kuupindua mpangilio huo. Sehemu kubwa ya umaliziaji inafanyika vipande vikiwa vimelala mezani, na gundi inakuja karibu na mwisho.

Kipimo kwanza, maana hapo ndipo watu wanaponunua kisichowafaa. Katika 1:12 futi moja ya nyumba halisi inakuwa inchi moja. Mlango wa futi 7 ni inchi 7, karibu sentimita 18, na mwanasesere wa mtu mzima anayefaa humo ana sentimita 14 hivi. Barbie ana sentimita 29. Huyo ni wa kipimo cha karibu 1:6, na mlangoni mwa nyumba ya 1:12 hapiti akiwa amesimama. Kama mtoto tayari anaye, tafuta nyumba ya kipimo chake. Zipo pia za 1:24, nusu ya hizi. Zinapendeza kwenye rafu, lakini samani zake ni ndogo mno kwa mtoto mdogo, na chochote kinachoweza kumezwa kisikae mikononi mwa aliye chini ya miaka 3.

Seti nyingi ni za aina mbili. Ya kwanza ni plaiwudi nyembamba ya milimita 3, vipande vikiwa vimekatwa kwa visu vya mashine vinavyobonyezwa kwenye shiti nzima. Upande kisu kilikoingilia ni safi. Upande kilikotokea una vibanzi. Ya pili ni MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 6 au zaidi, au plaiwudi iliyokatwa kwa leza. Iliyokatwa kwa leza ina kingo nyeusi zilizoungua. Masizi hayo yanazuia gundi isishike, na ukipaka rangi nyeupe juu yake yanajitokeza kama doa la kahawia. Yapigie msasa namba 220 mpaka ubao uonekane, ila usizidishe, kwa sababu leza inakata kwa vipimo vya karibu sana na ukila nusu milimita ulimi, yaani kijino cha kuungia kipande na kipande, unacheza ndani ya tundu lake. Kingo za MDF zinafyonza rangi bila kushiba. Zipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kiasi sawa kwa sawa, ziache zikauke, ndipo upige msasa. Vumbi la MDF ni laini na baya kwa mapafu. Vaa barakoa, fanyia kazi nje.

Boksi likishafika, usilifungue leo na kuanza kazi leo. Mbao zilizofungwa kwenye nailoni nchi nyingine, au zilizopita siku kadhaa kwenye buti la basi kutoka Dar, zina unyevu tofauti na wa hewa ya ziwani. Zitoe, zipange zikiwa zimelala na vijiti kati ya shiti na shiti ili hewa ipite pande zote, uziache siku mbili tatu ndani ya chumba kilekile utakachofanyia kazi. Muda huo kagua hesabu ya vipande dhidi ya karatasi, na kagua pembe za boksi, maana ndizo zinazogongwa. Kipande kilichovunjika kingali kwenye shiti yake ni rahisi kukichora upya juu ya plaiwudi ya milimita 3 na kukikata kwa kisu na rula ya chuma.

Usitoe vipande vyote kwa pamoja. Shiti ndiyo ramani. Namba ya kipande imeandikwa juu yake, na kipande kikishatoka wakati mwingine namba inabaki kwenye mabaki. Toa vya kuta na sakafu tu. Kila kimoja kiandike kwa penseli namba yake, mshale wa juu, na neno “ndani” au “nje”. Andika pale patakapofunikwa na kipande kingine, kwa sababu penseli inayoonekana chini ya rangi ya maji haiondoki kirahisi. Kikikataa kutoka, usikisukume kwa dole gumba. Pitisha kisu kwenye mstari upande wa nyuma, mara mbili tatu, kitoke chenyewe.

Baada ya hapo isimamishe nyumba nzima bila gundi, kwa masking tepu pekee. Watu wanaona ni kupoteza muda, lakini kazi hii ya nusu siku ndiyo inayookoa wiki. Ikiwa imesimama hivyo unaona mambo manne ambayo karatasi haikuambii: ukuta gani umepinda, ulimi gani hauingii, ngazi zinaingia kabla au baada ya sakafu ya juu, na waya wa taa utapita wapi. Suala la ngazi ni la kuangalia kwa makini. Kwenye seti nyingi ngazi haziwezi kupita tena ghorofa ya juu ikishafungwa, na hapo mtu anajikuta anakata reli. Chukua penseli, chora kwenye kila ubao mahali unapokutana na mwenzake, pande zote mbili za mguso. Mistari hiyo ndiyo itakayokuonyesha karatasi ya ukutani iishie wapi na sakafu ianzie wapi. Kisha ibomoe.

Ubao uliopinda unanyooshwa sasa, haungojewi. Uweke tumbo lililoingia ndani likitazama juu, lipitishe kitambaa chenye unyevu, si maji ya kumwagika, halafu ugeuze juu ya meza tambarare, tandika gazeti, weka matofali mawili usiku kucha. Upande ulioingia ndani ndio ulionywea. Ukipata unyevu unatanuka na ubao unarudi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, kazi hii haikwepeki. Ila sababu kubwa ya kupinda ni mtu mwenyewe kupaka rangi upande mmoja na kuuacha wa pili mkavu. Undakoti, yaani rangi ya kutangulizia, ipakwe pande zote mbili, siku moja, hata upande ambao hautaonekana kamwe.

Kwa hesabu: nyumba ya ghorofa moja juu ya nyingine, yenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 40, ina vipande vyenye eneo la karibu mita 4 za mraba ukihesabu pande zote. Mikono miwili ya undakoti ya maji, yaani kupaka mara mbili, ni mita 8 za mraba. Lita moja inatosha. Mkono wa kwanza ukikauka, nyuzi za mbao zinasimama na ubao unakwaruza kama ndevu za juzi. Piga msasa namba 220 kwa wepesi, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, ndipo uweke wa pili. Ndimi na matundu yafunike kwa tepu kabla ya kupaka. Rangi mikono miwili upande huu na miwili upande ule inanenepesha ulimi kiasi cha kutosha kuukataza kuingia, na anayeugonga kwa nyundo anapasua tundu.

Ziwa lina ratiba yake nayo haibishaniwi. Asubuhi kunatulia, mchana upepo unatoka ziwani na kubeba vumbi la barabarani, jioni taa zikiwaka wanakuja vijidudu vya ziwani. Wakazi wa Kirumba, Igogo na Capri Point wanavijua: mawingu yake yanaonekana yakisimama juu ya maji kama moshi, mara nyingi siku za mwezi mwandamo, na usiku yanafuata taa. Kwenye vanishi mbichi kila kijidudu kinaacha mabawa na miguu, na ukikitoa kwa kibano kinaacha mkwaruzo. Paka vanishi kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, chumbani, na ikifika jioni iwe imeshakauka juu. Siku ya mvua usipake vanishi ya thina kabisa. Hewa yenye unyevu inaifanya ipauke na kuwa nyeupe, na dawa yake ni kupiga msasa na kuanza upya siku yenye jua.

Sasa umaliziaji wa mezani. Dari kwanza, kisha karatasi za ukutani, kisha sakafu. Karatasi za kufungia zawadi zinafaa, mradi uchague michoro midogo. Ua la sentimita 3 ndani ya nyumba hii ni ua la sentimita 36 ukutani kwako. Tafuta ambalo halizidi milimita 5. Kitenge kwa sababu hiyohiyo hakifai, ila mabaki ya vitambaa vya mashati yenye drafti ndogo, kwa mafundi cherehani wowote, yanatoa mapazia na mashuka mazuri. Ukichapisha mchoro wako stesheneri, uliza kama printa ni ya leza. Wino wa printa ya kunyunyiza unavuja ukikutana na gundi. Usichanganye gundi na maji kwa kazi ya karatasi, maana maji ndiyo yanayoleta mikunjo. Tandaza gundi nyeupe tupu kwa kipande cha kadi mpaka ibaki kama utando, laza karatasi kuanzia katikati, sukuma hewa kwenda pembeni. Uji wa unga wa ngano tunaukataa, mende wanaupenda. Na karatasi isibandikwe kwenye mbao tupu, maana rangi ya asili ya mbao inapanda polepole na kuigeuza ya njano. Undakoti ya mwanzo inazuia hilo.

Sakafu ya mbao inatoka kwenye vijiti bapa vya barafu, vikikatwa ncha za duara na kupangwa kwa kupishanisha maungio. Kama unataka rangi ya mninga, vitie rangi ya mbao kabla ya kuvigundisha. Tone la gundi likishapita juu ya mbao, rangi ya mbao haiingii hapo tena, na doa jeupe litabaki hata ufanyeje. Kanuni hii inahusu ngazi, fremu za milango na sketi za chini ya kuta vilevile.

Waya za taa zilazwe sasa, chini ya karatasi. Taa za LED za volti 3 zinatosha, na kwa kuwa umeme una siku zake, ni bora nyumba iendeshwe na pawabanki. Kwa volti 5 kila taa inahitaji rezista (kifaa kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 100. Ukitumia adapta ya volti 12 weka ya omu 470. Bila rezista taa inawaka vizuri mno kwa muda mfupi mno. Mkanda wa LED wa volti 12 unaweza kukatwa, lakini kwenye alama zake tu, kwa kawaida kila baada ya taa tatu. Fundi simu yeyote mwenye kifaa cha kuungia waya kwa risasi iliyoyeyushwa anakuungia ncha kwa dakika chache. Jaribu kila taa kabla ya kufunika kwa karatasi, na tena baada ya kufunika.

Siku ya kuunganisha inakuja hapa, na ukishafika hapa inaenda haraka. Gundi nyeupe ya mbao, mstari mwembamba ndani ya tundu na kwenye ukingo. Ikitoka pembeni ifute papo hapo kwa kitambaa kibichi. Pembe za kuta zikague kwa skwea kabla haijashika, kwa sababu nyumba iliyokwenda mshazari kwa milimita 2 chini inafika kwenye paa ikiwa imekwenda milimita 5. Badala ya klampu za bei, mkanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa unabana nyumba nzima kwa nguvu sawa pande zote. Tanguliza karatasi laini usikwaruze rangi. Vibanio vya nguo vinashika vipande vidogo. Baada ya nusu saa unaweza kuachia mikono, lakini usibebeshe uzito kabla ya saa 24. Gundi ya bunduki ya moto inatamanisha kwa uharaka wake. Tatizo ni kwamba inaacha tuta linalozuia ungio kufunga, na nyumba ikiwekwa chini ya bati bila silingibodi, joto la mchana linailegeza. Itumie kwa kushikiza waya, basi.

Paa ndilo sehemu tunayoibadilisha zaidi. Seti huja na vigae vya mbao mamia kwa mamia, na dohani (bomba la kutolea moshi) ambayo hapa haina kazi. Anayetaka vigae avitie rangi kwanza kwenye beseni, avianike, na avibandike kwa gundi ya viatu, kwani gundi yenye maji inavikunja. Lakini nyumba ya kwetu ina bati, na boksi la kawaida la bidhaa linakupa bati lenye kipimo halisi. Bati la migongo lina milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Gawa kwa 12: milimita 6 na kidogo. Boksi jembamba, la unene wa milimita 3, lina mawimbi ya karibu kipimo hichohicho. Mabonde yake ni marefu kidogo kuliko yanavyotakiwa, lakini chupa ikipitishwa juu mara moja kwa wepesi inayapunguza.

Pitisha kitambaa kibichi kwenye uso mmoja wa boksi, subiri dakika mbili, kisha vua karatasi ya juu ukifuata mawimbi, si kuyakata. Boksi likilowa sana mawimbi yanalala na hayasimami tena. Anika juani bila uzito. Likikauka lipake gundi iliyochanganywa na maji ligangamale, kisha rangi ya silva mikono miwili, mbele na nyuma. Kata vipande vya upana wa sentimita 7, kila kimoja kina migongo 11. Mgongo mmoja unapandana na jirani. Kwa paa lenye urefu wa sentimita 65 na mteremko wa sentimita 30 unahitaji 11 kwa safu, safu mbili kila upande, jumla 44. Kata 50. Anza safu ya chini, ya juu iipande kwa milimita 12. Misumari ni matone ya gundi yaliyowekwa kwa ncha ya kijiti cha meno, juu ya mgongo na si bondeni, kama fundi anavyopigilia. Fishabodi ya kadi nene inaficha kingo za mbele. Ukitaka bati lizeeke, punguza rangi ya kahawia kwa maji, iguse kwenye maungio tu na kuzunguka misumari. Kutu haianzii katikati ya bati.

Msingi wa mawe tunauongeza pia, maana nyumba ya Mabatini au Bugando isiyo na jiwe haionekani kuwa ya hapo. Chana trei za mayai vipande visivyolingana, kuanzia sentimita 1 hadi 3, bandika ukiacha nafasi ya milimita 2, paka kijivu cha giza kote, kikikauka pitisha brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe juu ya sura za mawe tu. Nafasi zinabaki za giza na zinaonekana kama maungio. Nondo za madirisha ni waya mwembamba wa kufungia nondo halisi, ulionyooshwa na kukatwa. Wavu wa chandarua usiuweke dirishani: matundu yake ukiyakuza mara 12 ni wavu wa banda la kuku.

Vioo viwe vya mwisho kabisa. Plastiki ngumu inayofunika riporti pale stesheneri inatosha. Ifute alama za vidole pande zote kabla ya kuiweka, na usiikaribie kwa supaglu. Moshi wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki usiofutika. Gundi nyeupe, tone kwenye kila kona, inakauka bila kuonekana.

Kabla ya hayo yote kungekuwa na jambo la kupima, nalo ni mlango wa chumba nyumba itakakokaa. Nyumba ya upana wa sentimita 60, ikishawekwa juu ya ubao wa chini wenye ukingo wa sentimita 10 kila upande kwa ajili ya ua, inakuwa sentimita 80, na milango mingine ya ndani haifiki hapo. Ubao huo uwe wa plaiwudi ya milimita 12, nyumba ifungwe kwa skrubu nne kutoka chini bila gundi, ili ikihama zifunguliwe na vipande viwili vipite mlangoni kimoja kimoja, nyumba ikishikwa chini ya sakafu na si kwenye paa.